Kengele ya Dawa ya Moyo

Kwa mgonjwa wa moyo wa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo (DRC), kusahau dawa huanza akipata nafuu: kifua hakibani, miguu haijavimba, kidonge kinabaki kwenye pakiti.

Kumkumbusha, simu ndogo ya vitufe inatosha. Kengele iwekwe saa moja asubuhi, ijirudie kila siku. Haihitaji mtandao wala vocha. Familia ikikimbia vita, dawa ifungwe pamoja na simu.

Simu imewasaidia wagonjwa wengine pia: nchini Kenya, utafiti uliochapishwa 2010 ulihusu watu 538 wenye virusi vya UKIMWI. Karibu nusu yao waliulizwa kila wiki kwa ujumbe: “Mambo?” Walijibu “Sawa” au “Shida”, na mwenye shida alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Walioulizwa hivyo walimeza dawa vizuri zaidi kuliko wengine.

Aliyesahau dawa ya moyo asimeze dozi mbili pamoja, amuulize muuguzi.