Salfa ya Dizeli na Hesabu ya Kaboni

Salfa iliyomo kwenye dizeli haionekani kwa macho. Ikiungua ndani ya injini hugeuka gesi inayowasha koo na kumbana kifua mwenye pumu. Mpanda, mji wa Tanzania uliotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, harufu yake inajulikana: jenereta ya dukani katika kata ya Makanyagio ikiwashwa, moshi wa kwanza hutoka mweusi na kutanda chini ya bati la kibaraza.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Lita 1,000 za dizeli ya sehemu 500 hubeba gramu 420 hivi za salfa. Kwa kiwango cha sehemu 50 ni gramu 42 hivi. Sera ya tabianchi iliongeza sababu nyingine. Masizi ya dizeli hupasha joto angahewa, na vichujio vya kuyanasa huharibiwa na salfa. Salfa ikabidi itangulie kutoka.

Lakini kuitoa kuna gharama yake. Viwandani huondolewa kwa hidrojeni, ambayo kwa kawaida hutengenezwa kwa gesi asilia, na hewa ukaa hutoka. Hata kunasa salfa kwa mawe ya chokaa kwenye mitambo ya makaa ya mawe huachia hewa ukaa. Ndiyo maana watafiti sasa wanajaribu kuitoa salfa kwa bakteria, na kwa hidrojeni inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua.

Kuna fumbo zito zaidi. Chembe za salfa angani hurudisha mwanga wa jua na kuipoza dunia kidogo. Mwaka 2020 kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na wanasayansi wangali wanapima joto lililofichuliwa. Hiyo si hoja ya kuwaachia watu moshi: chembe hizo hudondoka baada ya siku chache, hewa ukaa hubaki kwa karne.

Tanzania haisafishi mafuta ghafi. Dizeli yake huingia bandarini ikiwa tayari. Utafiti unaohitajika zaidi hapa ni wa kupima, hasa kwa kuwa uchakachuaji kwa mafuta ya taa unaweza kuipandisha salfa tena. Sampuli ya bandarini huonyesha mafuta yalivyoingia. Yale ambayo watu wa Makanyagio huvuta moshi wake yapimwe kwenye pampu ya Mpanda.