Maneno ya Kiingereza Yafananayo kwa Sauti

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililowatoa jasho wanafunzi wengi, nalo ni maneno ya Kiingereza yatamkwayo sawasawa lakini huandikwa mbalimbali, na kila moja lina maana yake na asili yake. Mwenye kalamu na karatasi na aandike maneno tutakayoyataja. Asiye nazo na asikilize tu, maana habari yenyewe ni tamu hata kwa mtu asiyejua Kiingereza.

Tuanze na kisa. Zamani tulipokuwa shuleni, mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kutusomea imla kila Ijumaa. Siku moja alisoma sentensi ya mama aliyekanda mkate kwa unga. Unga kwa Kiingereza ni "flour", na ua ni "flower", na yote mawili hutamkwa "flaua". Wengi waliandika sawa, lakini sisi wachache tuliandika "flower". Basi katika madaftari yetu yule mama akakanda mkate kwa maua! Mwalimu akayasoma makosa yetu kwa sauti, na darasa zima likaangua kicheko. Wengine katika sisi tulicheka pamoja nao, na jambo likapita. Lakini mwenzetu mmoja, kijana mwenye akili, aliingiwa na haya mno, hata tangu siku ile hakuinua mkono tena katika somo la Kiingereza. Alijiona mjinga. Nasi hatukuwa na neno la kumwambia, kwa kuwa asili ya maneno yale hatukuijua. Leo neno hilo tunalo, na kabla ya kuagana tutalisema.

Kwanza tusidhani kuwa Waingereza peke yao ndio wenye maneno ya namna hii. Sisi nasi tunayo tele. Twasema "kaa" kwa kuketi, na "kaa" ni mnyama wa pwani aendaye upande, na "kaa" ni kipande cha makaa ya moto. Twasema "meza" mtu aandikiapo, na twasema "meza" tukimwambia mgonjwa anywe dawa yake. La pili ni neno la asili ya Kibantu. La kwanza lilikuja na Wareno katika majahazi yao. Hayana udugu hata kidogo. Yamekutana njiani tu, kama wasafiri wawili waliovaa kanzu za rangi moja.

Tena tazameni neno "sura". Twasema sura ya mtu, yaani uso wake na umbo lake. Na twasema sura ya kitabu. Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Sisi twayatamka sawa na kuyaandika sawa kwa herufi za Kirumi, lakini aliyesoma chuoni ajua kwamba kwa herufi za Kiarabu sura ya mtu huanza kwa swadi, na sura ya Kurani huanza kwa sini. Ndimi zetu zimezichanganya sauti mbili zikawa moja, bali maandiko ya Kiarabu yanakumbuka kwamba maneno haya hayakuzaliwa nyumba moja. Lishikeni sana jambo hili, kwa kuwa ndilo ufunguo wa maneno ya Kiingereza tutakayoyatazama.

Sasa, kwa nini Kiingereza kina maneno mengi mno ya namna hii? Sababu ni historia ya nchi ile. Katika karne ya 5 walifika Waanglia na Wasaksoni kutoka pande ambazo leo ni Ujerumani na Denmark, na lugha yao ndiyo shina la Kiingereza. Katika karne ya 8 na ya 9 wakaja mabaharia wa kaskazini, watu wa Denmark na Norway, nao wakaacha maneno yao. Kisha mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy katika Ufaransa, aliishinda Uingereza, na kwa muda wa miaka karibu 300 Kifaransa kikawa lugha ya wakuu na ya mahakama. Wanavyuoni nao wakaongeza maneno ya Kilatini na ya Kiyunani. Lugha iliyopokea wageni wote hao ni kama bandari ipokeayo majahazi ya kaskazi na ya kusi. Haikosi watu wenye majina yanayofanana waliotoka miji mbalimbali.

Mfano wa kwanza ni neno "ear", litamkwalo "ia". Maana yake ni sikio. Lakini pia ni suke la nafaka. Mtu aweza kudhani kwamba Waingereza waliliita suke sikio kwa sababu lachomoza ubavuni mwa bua kama sikio kichwani. Dhana hiyo ni nzuri, lakini si kweli. Katika Kiingereza cha kale sikio lilikuwa neno la silabi mbili, na suke lilikuwa neno jingine lililotoka katika shina lenye maana ya kitu chenye ncha kali. Vitamkwa vya mwisho vilipodondoka, maneno yote mawili yakawa moja kwa sauti na kwa maandiko.

Mfano mwingine ni "sound". Neno hili ni kama nyumba moja yenye wapangaji wanne. Wa kwanza ni sauti, aliyetoka katika Kilatini kwa njia ya Kifaransa. Huyu hakuwa na "d" mwisho wake, Waingereza walimwongezea wenyewe. Wa pili ni mzima, mwenye afya; huyu ni mwenyeji, na ndugu yake yuko katika Kijerumani mpaka leo. Wa tatu ni mlango wa bahari kati ya nchi na nchi, naye ni mgeni wa kaskazini. Wa nne ni kupima kina cha maji, kama afanyavyo nahodha akiogopa mwamba, naye ni Mfaransa.

Kundi la pili ni maneno ambayo zamani yalikuwa na sauti mbalimbali, kisha sauti zikapotea. Hapa ndipo mwanafunzi ateswapo na herufi zisizotamkwa. Chukueni "night", yaani usiku, na "knight", yaani askari wa farasi mwenye cheo. Yote mawili leo ni "nait". Mwanafunzi huuliza, "Hiyo k ni ya nini? Na hiyo gh ni ya nini?" Jibu ni kwamba zamani zote zilitamkwa. Herufi "gh" ilikuwa na sauti karibu na "kh" yetu katika neno "kheri", na "k" ya mwanzo ilisikika wazi mpaka karne ya 17. Basi aliyesikia maneno hayo zama zile hakuweza kuyachanganya. Tena huyo askari hakuanza na cheo. Neno lake la kale lilikuwa na maana ya kijana au mtumishi. Huko Ujerumani ndugu wa neno hilo amebaki mtumishi hata leo, na huku Uingereza amepanda farasi akawa bwana.

Hali kadhalika "meat", yaani nyama, na "meet", yaani kukutana. Zamani kila moja lilikuwa na "e" yake, moja ya kubana mdomo na moja ya kuupanua. Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake, na maneno haya mawili yakafikia "mit" yote pamoja. Na neno "meat" hapo kwanza halikuwa nyama peke yake, bali chakula chochote. Ndiyo sababu katika Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611 neno hilo latumika hata kwa chakula cha mimea, na msomaji asiyejua habari hii hushangaa.

Sasa tutazame ndugu wanne wasio ndugu, ambao wote huitwa "rait". "Right" maana yake ya kwanza ni kitu kilichonyoka, kisha ikawa haki, kisha ikawa mkono wa kuume. Nasi pia humwita mtu wa haki mnyofu. "Write" ni kuandika, na asili yake ni kukwaruza au kuchora kwa ncha, kwa kuwa watu wale wa kale walichonga herufi zao katika mti na jiwe. "Rite" ni ibada au sherehe ya desturi, neno la Kilatini. Na "wright" ni fundi, wa ukoo mmoja na neno la kazi. Siku hizi neno hili halisemwi sana peke yake, lakini linaishi katika majina ya watu. Wale ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walioruka kwa eropleni yenye mtambo tarehe 17 Desemba 1903, jina la ukoo wao maana yake ni Fundi. Na kwa hakika halikuwakosea.

Tusipite neno "mail" bila kulisalimu, maana limefika hata kwetu. Latamkwa sawa na "male", yaani mume au dume, neno lililotoka katika Kilatini. Lakini "mail" ni barua zipelekwazo kwa posta, na asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya mfuko. Barua zilipata jina la mfuko uliozichukua. Merikebu za moshi zilizoleta barua hizo katika pwani yetu zikaitwa kwa jina lilo hilo, nasi tukasema "meli". Basi anayesema kwamba meli imetia nanga, pasipo kujua, anautaja mfuko wa barua wa Kifaransa.

Je, wenye elimu hawakosei? Hukosea sana. Neno "island", yaani kisiwa, lina "s" isiyotamkwa na isiyo na haki ya kuwapo. Neno hilo ni la Kiingereza cha kale, nalo halikuwa na "s" kamwe. Wanavyuoni waliona neno jingine la kisiwa, "isle", lililotoka katika Kilatini. Wakadhani ni jamaa, wakalitia "s" ya bure. Tena kuna "aisle", yaani ujia wa kupita kanisani kati ya viti, litamkwalo "ail" sawasawa na "isle". Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya ubawa, lakini nalo lilichanganywa na kisiwa likapewa "s" hiyo hiyo. Makosa hayo ya watu wakubwa yamepigwa chapa na kufundishwa, na leo mtoto asiyeyafuata huhesabiwa kuwa yeye ndiye aliyekosa.

Sasa turudi kwa unga na ua, na kwa yule mwenzetu. "Flour" na "flower" si maneno mawili. Ni neno moja, lililotoka katika Kifaransa, na maana yake ni ua. Wafaransa waliposaga ngano na kuichekecha, ile sehemu iliyo nyeupe na laini kupita zote waliiita ua la unga, yaani ulio bora. Waingereza wakachukua usemi huo, na kwa karne nyingi waliandika unga na ua bila kutenga. Hata Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, hakuyatenga; aliuandika unga kwa herufi za ua. Kumbe lile kosa lililochekwa darasani kwetu ni maandiko ya mtunga kamusi mashuhuri kuliko wote wa zama zake! Mwenzetu hakuwa mjinga. Alichelewa tu kuzaliwa.

Hatusemi hivyo ili wanafunzi waandike wapendavyo. Desturi ya leo ni sheria ya leo, na mtu aandikaye barua ya kuomba kazi hana budi kuifuata. Basi tuwape shauri. Msijifunze neno peke yake. Liwekeni katika sentensi. Liwekeni pamoja na jamaa zake, kama "write" na "writer" na "written", mpate kuona alama ya ukoo wao. Someni vitabu kwa wingi, kwa kuwa sikio halitambui tofauti ya maneno haya, bali jicho huitambua. Na mkiona herufi isiyotamkwa, msiichukie. Aghalabu ni kaburi la sauti iliyokuwa hai.

Na ninyi walimu wetu, tunawaomba jambo moja. Mtoto akikanda mkate kwa maua, mwonyesheni kosa lake, kisha msimulieni kisa cha maneno hayo, apate kuinua mkono tena kesho. Kuuliza si ujinga.