Mwana wa Faraja

Mitume walimpa Yusufu wa Kipro jina la Barnaba, yaani Mwana wa Faraja. Paulo alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa. Barnaba akampeleka kwa mitume, akamsemea. Hakumpamba, alieleza yaliyotokea. Baadaye alimtetea Marko, Paulo akamkataa, wakagombana hadi kutengana. (Hata watakatifu!) Lakini uzeeni Paulo aliagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa.

Sisi wa ofisini barua ya karipio twaiandika upesi. Ya pongezi hungoja. Na kijana anayeshuka huku bondeni kutoka Masagati kupitia Mlimba, lafudhi yake ikichekwa bwenini, nani atamsemea? Ninyi wa kidato cha nne, anzeni leo, kabla kengele ya kulala haijalia.