Tenda Wema Nenda Zako: Anayeambiwa Ni Nani?



Ipo methali tunayoikimbilia kila tunapotaka kumsifu mtu bila kumgharimia: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Ni methali njema, lakini tuangalie anayeambiwa ni nani. Anaambiwa mtendaji, ili asiugeuze wema wake kuwa deni. Aliyetendewa hakuambiwa afumbe mdomo, wala mwenye dhamana hakupewa ruhusa ya kusahau. Mtendaji akishakwenda zake, wajibu wa kumkumbuka unabaki kwetu. Nawazungumzia wanaojitolea kuwasaidia waraibu wa dawa za kulevya kupata nafuu, na hoja yangu ni moja. Watu hawa tumezoea kuwatambua kwa visa vyao, hali tunachowiwa nacho ni kazi yao na maarifa yao. Utambuzi wa kweli utaanza siku tutakapoacha kuwauliza walianguka vipi, tukawauliza wanajua nini.

Tuanze na kazi yenyewe. Heroini, au unga kama mitaa inavyoiita, imekuwa ikisumbua pwani yetu tangu miaka ya 1980. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni, na baadaye huduma hiyo ikafika katika hospitali nyingine za Tanzania Bara na Zanzibar. Kenya nayo ilianzisha huduma kama hiyo, ikiwemo katika hospitali za Mathari jijini Nairobi na Malindi pwani. Kwa kawaida methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na dozi moja humkinga mtu na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, kwa takriban siku nzima. Ni tiba iliyookoa wengi. Lakini tuhesabu saa. Shughuli ya kwenye dirisha la kliniki ni ya dakika chache, kisha mtu anarudi mtaani kulekule alikotoka, penye maskani ileile ya kutumia unga na marafiki walewale. Saa zinazobaki hazina daktari. Na hata kabla ya siku ya kwanza ya dozi kuna swali la nani alimfikisha pale dirishani. Jijini Dar es Salaam kliniki hizi tangu mwanzo zimetegemea asasi za kiraia ambazo waelimishaji rika wake huingia vijiweni, huzoeana na watu, huwaeleza tiba ilivyo na kuwasindikiza hadi hospitali. Nyumba za upataji nafuu nazo, Unguja na Bara, nyingi zinaendeshwa kwa jasho la watu waliowahi kuupitia uraibu wenyewe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tukiichukulia methali hii kama kauli kuhusu elimu, inasema kwamba yapo maarifa yasiyopatikana darasani. Mwenye kujitolea aliyepitia njia hii anatambua dalili za mtu anayekaribia kurudi nyuma kabla mwenyewe hajakiri. Anajua kwamba aliyetoka gerezani au aliyemaliza miezi kadhaa bila kutumia yuko hatarini zaidi kuliko alivyokuwa zamani, kwa sababu mwili umepoteza uzoefu wa unga na kipimo cha jana kinaweza kumuua leo. Anajua saa ya kwenda maskani na saa ya kutokwenda. Anajua namna ya kumwendea mama aliyeuziwa vyombo vyake na mwanawe, akaapa kutomfungulia tena mlango. Haya ni maarifa ya kitaalamu, yana kanuni zake, yanafundishika, na kukosekana kwake kunagharimu uhai.

Ushahidi wa kisayansi unaelekea hukohuko. Mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walichapisha mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565 kuhusu vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, na tiba za kitaalamu zinazowaunganisha watu na vikundi hivyo. Katika kumfanya mtu aache pombe moja kwa moja, programu zilizopangwa vizuri za aina hii zilishinda tiba nyingine zilizolinganishwa nazo, ikiwemo tiba ya kubadili fikra na tabia. Tuwe waangalifu: tafiti hizo zilihusu pombe, na kwa mraibu wa heroini methadoni inabaki kuwa nguzo ya tiba. Lakini vikundi vile vinaendeshwa na watu wasiolipwa, waliopitia wanayoyazungumza, na vimeonyesha kwamba ushirika wao ni sehemu ya tiba. Basi anayetoa ushirika huo ni mtoa huduma, na huduma huhesabiwa.

Sasa tazama tunavyomtambua. Tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, anapandishwa jukwaani na kuombwa ushuhuda. Anaeleza alivyoiba, alivyolala jalalani, alivyomliza mzazi wake. Tunapiga makofi, tunampa fulana na cheti, kisha wataalamu wanaingia ukumbini kupanga mipango ya mwaka naye akiwa nje. Wapo wanaoutoa ushuhuda huo kwa hiari, na una faida yake. Lakini ukiwa ndiyo heshima pekee tunayompa, tunamlipa kwa kumrudisha kila mwaka mahali alipohangaika kutoka. Ndiyo maana mtaani bado anaitwa teja, hata akiwa na miaka kumi ya nafuu. Jina limeganda kwa sababu hatukumpa jingine, wakati kazi anayoifanya ina jina.

Watapinga wengine kwamba fedha itaua moyo wa kujitolea. Ni pingamizi la kuheshimiwa, kwa kuwa posho imeshaharibu mambo mengi mazuri kwetu. Lakini linachanganya vitu viwili. Nauli, vocha ya simu na chakula cha mchana hatuwezi kuviita malipo. Ni kumrudishia mtu alichotoa mfukoni. Anayepanda daladala mbili kila asubuhi kumsindikiza mgonjwa, kwa nauli yake, anailipa serikali ili aifanyie kazi. Cha pili ni ujira. Mtu aliyepangiwa saa, anayetakiwa kuleta taarifa na kusimamiwa kila siku ameshaacha kuwa mwenye kujitolea. Ni mfanyakazi asiye na mshahara. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2018 lilipendekeza wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na ugumu wa kazi, saa na mafunzo yao, na wapewe makubaliano ya maandishi. Kenya mwaka 2023 ilianza utaratibu wa posho ya mwezi kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Anayetoa Jumamosi yake moja kwa hiari ataendelea kuitoa. Hilo halimzuii mwenzake wa siku sita kupata haki.

Pingamizi la pili ni kwamba watu hawa wenyewe wanaweza kurudi nyuma. Kweli, wanaweza, na hapo ndipo hoja ya kuwatambua inapopata nguvu zaidi. Asiyetambuliwa hana msimamizi wa kumwambia mzigo umemzidi, hana likizo, na akiteleza hujificha kwa kuogopa kufukuzwa. Mwenye nafasi rasmi anaweza kupumzishwa, akatibiwa, akarudi kazini. Wengine husema kwamba kusaidia kunamfaa msaidizi mwenyewe, na ni kweli. Mwanasayansi wa jamii Frank Riessman alilieleza hilo tangu 1965. Lakini hata mwalimu hujifunza kwa kufundisha, na hakuna anayemnyima mshahara kwa sababu hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Vikundi vingi vya nafuu vimejengwa juu ya kutotajana majina, na katika nchi zetu kujulikana kunaweza kumgharimu mtu kazi, nyumba, hata ndoa. Kumtangaza si kumdhuru? Jibu limo ndani ya hoja niliyoanza nayo. Kisa cha mtu kinahitaji sura yake. Kazi yake haihitaji. Barua ya utumishi inaweza kueleza kwamba mtu huyu alitoa ushauri nasaha, alisimamia kundi na kutunza kumbukumbu kwa miaka mitano, bila neno moja kuhusu maisha yake ya awali. Kiti katika kamati ya mipango hakimtaki aeleze alivyokipata.

Nami siwezi kuyasema haya nikiwa chuoni bila kukigusa chuo. Watafiti tunaoandika kuhusu uraibu hatuingii vijiweni peke yetu. Tunapitishwa na hawahawa. Wao ndio wanaotukutanisha na wahojiwa, wanaosahihisha maswali yetu yasiyoulizika, wanaotufafanulia lugha ya mtaa. Makala inapotoka, majina ni yetu na wao wamebaki kuwa mstari wa shukrani, au hawamo kabisa. Chuo kinaweza kuupima na kuuthibitisha ujuzi wao kama kinavyopima ujuzi mwingine uliopatikana kazini. Kinaweza kuwalipa wanapowafundisha wanafunzi wa uuguzi na ustawi wa jamii, na kuwaandika kama waandishi wenza, kwa jina au kwa jina la kundi lao watakavyochagua wenyewe. Hayo hayangoji bajeti ya serikali. Wao wameshaifuata methali: wametenda wema, wamekwenda zao, na kesho alfajiri watakuwa maskani tena. Sehemu yao wameitimiza, iliyobaki ni yetu.