Dalali Huyu ni wa Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa na halmashauri tuseme machache juu ya madalali wa nyumba na mashamba. Wengi wetu tunatafuta mahali pa kukaa siku tutakapoacha kazi, na pesa tunazotaka kutumia ni zile zilizokatwa katika mishahara yetu mwezi baada ya mwezi.

Na tuanze na jambo tulijualo sote. Tunapokwenda kupatana na mwajiri, yeye huketi upande wake wa meza na wajumbe wake, nasi upande wetu na wajumbe wetu. Je, yuko mmoja hapa angekubali karani wa mwajiri atusemee sisi habari za mishahara? Hakuna. Lakini siku ya kununua ploti twafanya vivyo hivyo, tena kwa furaha.

Hapa Kenya, mara nyingi aliyemtuma dalali ni mwenye kuuza, naye ndiye atakayemlipa udalali wake. Na kwa kuwa udalali huhesabiwa kwa bei, bei ikipanda yeye naye hupata zaidi. Hatusemi kwamba ni mwizi. Wako madalali waaminifu, na mtu aliyetumwa auze hana kosa akiuza vizuri. Kosa ni letu tunapomgeukia mtu wa upande wa pili na kumwuliza, "Waonaje ndugu, nitoe ngapi?"

Ndugu mmoja wa tawi hili ametupa ruhusa tuseme yaliyompata, ila jina lake tuliache. Alichukua mkopo katika chama cha akiba, akapelekwa na dalali siku ya Jumamosi kuona ploti. Akaambiwa wako wengine wanne wanaoitaka. Jioni ile ile akamtumia dalali shilingi 60,000 kwa simu, "za kuishikilia." Alipokuja kwetu, pesa zilikwisha toka. Tulikwenda naye kuuliza katika daftari ya ardhi, tukakuta shamba lingali katika jina la mzee aliyekwisha kufariki, na wanawe hawajamaliza mambo ya urithi kortini. Kwa Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla korti haijathibitisha idhini ya wasimamizi wa mali yake. Tukamwendea dalali. Akatujibu, "Mimi si mtu wenu. Mimi nilitumwa na wale vijana." Nasi njiani tulipoyafikiri maneno yake, tuliona kwamba hapo hakusema uongo. Ndugu yetu mpaka leo amerudishiwa shilingi 25,000 tu, tena kidogo kidogo, na mkopo anakatwa wote.

Basi, je, mnunuzi hawezi kuwa na mtu wake? Aweza. Aweza kumwajiri dalali amtafutie yeye, amlipe yeye, na wapatane kwa karatasi. Lakini asidhani kwamba dalali amekuwa wake kwa kuwa amempakia katika gari na kumnunulia soda. Hata huyo wake si wakili. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uandikwe, utiwe saini na pande zote mbili, na washuhudiwe. Maneno ya mdomo hayatoshi kortini. Desturi ya mawakili ni mnunuzi kutoa kwanza sehemu ya kumi ya bei, nayo hushikwa na wakili wa mwuzaji mpaka mambo yatimie. Hailali katika simu ya dalali. Wakili wako awe wako peke yako, hata kama wa upande wa pili asema atawafanyia wote wawili kwa bei nafuu.

Kama ni shamba la kilimo, iko Sheria ya mwaka 1967 itakayo kibali cha bodi ya ardhi, na kibali hicho kiombwe kabla ya miezi sita kupita tangu mkataba. Pasipo kibali, mauzo hayo ni bure. Na kutafuta jina la mwenye ardhi si kazi ngumu: tangu 2021 uko mtambo wa serikali uitwao Ardhisasa kwa ardhi iliyokwisha kuingizwa humo, na kwingine ni kwenda afisi ya ardhi yenyewe.

Kwa upande wa wenye kuuza, tatizo ni "cha juu." Wewe wamwambia dalali wataka 800,000, yeye amwambia mnunuzi 950,000, na ile tofauti aitia mfukoni wala hukuijua. Dalali aliyetumwa nawe hana ruhusa kupata faida ya siri katika kazi yako. Ni mali yako, nawe waweza kuidai. Afadhali bei na udalali viandikwe siku ile ile unapomtuma, na wewe uonane na mnunuzi uso kwa uso.

Wapangaji nao wasidhani wamesahauliwa. Anayekutoza pesa za kukuonyesha chumba hajawa mjumbe wako. Huenda hata mwenye nyumba hamjui. Tumeona chumba kimoja kikipokelewa amana na watu watatu. Kabla ya kulipa, mwulize mlinzi wa nyumba na majirani ni nani hupokea kodi hapo, kisha udai risiti yenye jina la mwenye nyumba.

Tena iko Sheria ya Madalali wa Nyumba ya mwaka 1984, itakayo kila afanyaye kazi hiyo aandikishwe na bodi yake. Mwulize namba yake. Wengi wa wale wa kando ya barabara watacheka. Wacha wacheke, nawe uende zako.

Halmashauri imekubali kwamba mwanachama yeyote mwenye karatasi ya ploti au nyumba ailete kwa katibu wa tawi Alhamisi jioni, baada ya kazi, kabla hajatuma pesa.