Mikisa Itakayobeba Sauti Zetu
(Maneno ya Katibu wa Kwaya siku ya Jubilei, Kyuso)



Kamati ya jubilei imeniomba niseme juu ya jambo moja tu: vyombo vya sauti ambavyo kwaya inakusudia kununua kwa mchango wa leo. Nitaeleza yote wazi, kwa sababu najua fedha hizi zinatoka wapi. Kuna mama atakayetoa kuku, na mzee atakayetoa debe la ndengu, katika nchi ambayo mvua haimwekei mtu ahadi. Watu kama hao hawastahili kuambiwa, "Leteni tu, sisi tutajua la kufanya."

Kwanza, kwa nini tununue? Humu kanisani kuta na paa vinaturudishia sauti. Lakini tukienda vigangoni, tukaimba chini ya mti, hakuna ukuta. Nje, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Aliye mita 20 kutoka kwetu anasikia hafifu kuliko aliye mita 10, na aliye mita 40 anapata hafifu zaidi ya huyo. Sasa jiulizeni huwa ni akina nani wanaoketi mita 40: mama mwenye mtoto anayelia, mzee aliyefuata kivuli, na mtu aliyetembea kutoka mbali akakuta Misa imeanza. Hao ndio wanaokosa wimbo, na wakati mwingine wanakosa hata Injili.

Mpaka leo tunakodi. Msiba hauweki tarehe, na Jumamosi yenye harusi mbili na mazishi, mwenye vyombo huenda kwa aliyetangulia kulipa. Familia iliyofiwa hubaki na kwaya isiyosikika.

Pili, tununue nini? Nimesikia mjadala wetu baada ya mazoezi. Wapo wanaotaka mikisa kubwa kabisa, yenye vitufe vingi na taa nyingi, ili ilingane na jina la jubilei. Naomba tuelewane kwanza mikisa ni kitu gani. Sauti inayotoka kwenye maiki ni umeme mdogo sana, sehemu ndogo ya volti moja. Mikisa huikuza ifikie kiwango ambacho spika au amplifaya inaweza kutumia, inaziweka sauti zote kwenye mizani, kisha inazitoa kwa njia moja. Haimfundishi mtu kuimba. Alto akiwa nje ya noti, mikisa itawaambia watu wengi zaidi kwamba yuko nje ya noti.

Kwa hiyo tusiangalie taa, tuhesabu mahitaji. Soprano, alto, teno na besi: maiki 4. Mwimbishaji: 1. Padre: 1. Jumla ni maiki 6. Ongeza kinanda, na simu ya kupigia nyimbo kabla ya Misa. Ngoma na kayamba zinajisemea zenyewe.

Hapo tuwe macho dukani, iwe ni Mwingi au Luthuli Avenue kule Nairobi. Namba iliyoandikwa kwenye mikisa si idadi ya maiki. Chukueni mfano wa Yamaha: MG10XU ina njia 10, lakini za maiki ni 4 tu. MG12XU ina njia 12, za maiki ni 6. MG16XU ina 16, za maiki ni 10. Sisemi lazima tununue ya kampuni hiyo. Nasema tuulize swali hilo kwa kila mikisa. Kwa hesabu yetu, ile ya njia 12 yenye maiki 6 inatutosha: kinanda na simu vinaingia kwenye njia zilizobaki.

Mtu atauliza, je, tukinunua ya maiki 10 tutapungukiwa na nini? Tutapungukiwa na sauti. Kila tunapoongeza idadi ya maiki zilizo wazi mara mbili, tunapoteza desibeli 3 za nguvu kabla spika hazijaanza kulia ule mluzi mnaoujua. Maiki chache zilizowekwa vizuri zitasikika mbali kuliko maiki nyingi zinazopigiana kelele.

Kuhusu spika, ziko za aina mbili. Moja ina amplifaya ndani yake; inapokea waya wa mikisa na waya wa umeme. Nyingine haina, inahitaji amplifaya ya pembeni, au mikisa yenye amplifaya ndani. Kwetu sisi tunaosafiri kwa pikapu na wakati mwingine kwa bodaboda, mimi napendekeza aina ya kwanza, spika 2 na mikisa ndogo ya kawaida. Vitu vinakuwa vichache, na spika moja ikiharibika nyingine inaendelea. Lakini hatari yake ijulikane: spika yenye amplifaya isiunganishwe kamwe na tundu la amplifaya nyingine. Ni kama kummiminia mtoto pipa la maji wakati aliomba kikombe.

Na tusidanganywe na wati. Namba kubwa iliyobandikwa mbele mara nyingi ni ya kilele, nguvu ya kufumba na kufumbua. Tuulize wati ambazo spika inaweza kuzibeba mfululizo.

Tatu, kuunganisha. Nitasema polepole ili vijana wetu waandike.

Maiki ziunganishwe kwa waya wa XLR, ule wenye pini 3. Pini mbili hubeba sauti, ya tatu ni kinga, na muundo huo huondoa ngurumo ya umeme hata waya ukiwa na mita 20. Waya wa kinanda wa jeki hauna kinga ya namna hiyo. Uwe mfupi, au upitie kisanduku cha DI. Ile volti 48 ya mikisa, kama maiki zetu ni za kawaida za kushika mkononi, ibaki imezimwa.

Washeni mikisa kwanza, spika mwisho. Mkizima, spika kwanza, mikisa mwisho. Mkigeuza utaratibu huo, ule mshtuko wa "pu!" unaweza kupasua spika.

Kupima sauti, msiseme "halo, halo, moja, mbili." Mwimbaji aimbe sehemu ya wimbo iliyo ya juu kabisa. Zungusha kitufe cha geini mpaka taa nyekundu imulike, kisha kirudishe chini kidogo mpaka isimulike tena. Bonyeza kile cha kukata sauti nzito. Kinaondoa upepo wetu wa kiangazi na vishindo vya mkono. Sauti zote ziwe katikati, si kushoto wala kulia, la sivyo waliokaa upande mmoja watasikia soprano bila besi.

Spika zikae mbele ya maiki, zikitazama watu, zikiinuliwa juu ya vichwa. Mluzi ukianza, usiongeze kitu. Punguza maiki moja moja mpaka umpate mkosaji.

Nne, umeme. Si kila kigango kina stima, na jenereta ikiwa karibu inaimba besi kuliko besi zetu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ili isife mapema, betri ya asidi tusiitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Vyombo vikila wastani wa wati 150, na tukiondoa kinachopotea kwenye inveta, tunapata kama saa tatu na nusu. Misa inatosha humo, na matangazo pia, kama mwenye kutangaza atakuwa na kiasi.

Pale penye stima, waya wenye pini tatu usikatwe pini ya ardhi. Mwanga wa taa utawaka vilevile, lakini siku waya wa ndani ukigusa chuma, umeme utatafuta njia kupitia midomo ya mwimbaji. Wimbo mmoja hauna thamani ya kumzika mtu.

Ndugu zangu, hati ya Kanisa ya mwaka 1967 juu ya muziki mtakatifu, Musicam Sacram, inataka kwaya iwekwe mahali panapoonyesha kwamba ni sehemu ya jumuiya iliyokusanyika. Nguvu tunayonunua isije ikawazima waumini. Siku tutakapoona midomo yao imefungwa ili watusikilize, tupunguze sauti, kwa maana tutakuwa tumewanyang'anya sala yao.

Basi kamati inapendekeza haya. Mikisa moja ya maiki 6. Spika 2 zenye amplifaya. Kinachobaki kisiende kwenye mikisa kubwa zaidi, kiende kwenye nyaya nzuri, stendi, betri, na boksi la kuzuia vumbi, maana vumbi la Kyuso halibishi hodi. Wafundishwe watu wawili wa kuendesha, mmoja awe wa kike, na asiwepo wa kuwapigia kelele katikati ya Misa. Kuwe na daftari la kila safari: nani alichukua, nani alirudisha, nini kimeharibika. Vigango vitumie bila kukodi, na mazishi yawe na nafasi ya kwanza.

Risiti zote zitabandikwa kwenye mlango wa kanisa, pamoja na orodha ya waliotoa, aliyetoa ndengu sawa na aliyetoa hundi. Mwenye swali aniulize leo, kabla hatujanunua.