Zawadi ya Mgonjwa wa Figo

Desturi yetu watu wa pwani, tuendapo kumzuru mgonjwa, ni kutokwenda mikono mitupu. Na katika vitu tuvichukuavyo kwa mapenzi, dafu ndilo la kwanza, kisha ndizi mbivu na machungwa, na ukiwa mwezi wa Ramadhani, tende. Ukarimu huu ni mwema, nami sitaki upungue; ila yuko mgonjwa ambaye zawadi hizo zote zaweza kumdhuru, naye ni yule ambaye figo zake zimechakaa kwa miaka mingi ya kisukari au ya shinikizo la damu, hata zimebakiwa na nguvu haba.

Ndani ya vyakula hivyo mna madini yaitwayo potasiamu, ambayo kila mwili huyahitaji ili misuli ifanye kazi na moyo upige kwa mizani. Takriban sehemu 98 katika 100 za madini hayo hukaa ndani ya chembe za mwili, na kinachosalia katika damu ni kidogo mno: kwa mtu mzima mwenye afya, baina ya milimoli 3.5 na 5.0 katika kila lita. Figo salama huitoa ziada kwa mkojo. Figo dhaifu huiacha ijikusanye, na kipimo kikipanda hata 6.5, moyo waweza kupotewa na mwendo wake na kusimama ghafla, ilhali mwenyewe jana yake hakushitaki ila uchovu wa miguu, na pengine hakushitaki kitu. Ndiyo sababu nasema kuwa kipimo cha damu, wala si hisia za mgonjwa, ndicho cha kutegemewa.

Bilauri moja ya maji ya dafu hukaribia miligramu 500 za potasiamu, na mara nyingine huzipita. Ndizi moja ya kiasi ina kama 400. Hatari zaidi, kwa kuwa haijulikani, ni ile chumvi mbadala wauziwayo wenye shinikizo la damu, ambayo aghalabu hutengenezwa kwa potasiamu yenyewe. Walakini sipendi mgonjwa anyimwe kila kitu akadhoofu kwa njaa: viazi na muhogo vikikatwa vipande vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji yale yakamwagwa, sehemu kubwa ya madini huondoka nayo, na wali mweupe hauna haja ya hadhari hiyo.

Liko jambo jingine, gumu zaidi, la dawa. Enalaprili, losatani na spironolaktoni, ambazo matabibu huziandika kwa ajili ya moyo na figo, huipandisha potasiamu. Hata hivyo kuziacha kwa hiari yako ni kujinyima hifadhi kubwa, na lililo la haki ni kupimwa damu katika wiki chache za mwanzo, kisha kila mara tabibu aagizapo. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazozinunua dukani kwa maumivu ya mgongo bila kumwuliza mtu, ni shauri jingine kabisa: mwenye figo mbovu asiziguse.

Na mgonjwa huyo akilegea viungo, au moyo wake ukienda pole kuliko kawaida au kwa kurukaruka, jamaa wasimchemshie mizizi wala wasimkande, bali wampeleke hospitali saa ileile. Huko sindano ya kalsiamu huulinda moyo, na insulini pamoja na glukosi huyarudisha madini ndani ya chembe. Lakini nafuu hiyo ni ya saa chache tu, kwa kuwa potasiamu bado imo mwilini, na figo zikiwa zimeshindwa kabisa, kuitoa ni kazi ya mashine ya kusafisha damu. Kwa hiyo aila iishiyo mbali na mashine hiyo itengeneze mapema habari ya chombo cha safari na ya nauli, mgonjwa akiwa bado mzima.